Mate ya Sikujua

Saa kumi na mbili asubuhi, Uru, ukungu bado umekalia migomba,
nikapiga hodi bandani kwa Aikande
na kipande cha kamba ya pamba mkononi.
"Hiyo ya kumfunga nani?"
Si ya kufunga, nikamwambia. Ni ya kutafunwa.

Akacheka. Mara ya kwanza tangu nimjue.

Sikujua ni ng'ombe wa mabaka,
pembe moja imepinda kuelekea jicho.
Akainusa kamba, akaipuuza, akarudia shina la mgomba
lililokatwakatwa horini,
kisha, kwa kuwa ng'ombe hajui kuunyima mdomo wake,
akaivuta ndani akaanza kazi.

Taya kushoto, taya kulia.
Ute ukashuka mrefu, ukakatika, ukashuka tena.
Homa hana. Ulimi hauna lengelenge.
Kwato nimezishika moja moja, nzima.
Jana ametoa lita tisa.
"Sasa wewe unatafuta nini?"
Natafuta kile ambacho mate yanakijua
na ulimi bado haujaambiwa.

Mficha maradhi kifo humuumbua, tumefundishwa.
Lakini huyu hafichi. Anatiririsha.
Sisi ndio tulikosa sikio.

Nikaikamua kamba kwenye kichupa,
na maziwa kijiko kimoja, kutoka chuchu zote nne,
nikaandika kwa wino usiofutika: U-17.
Aikande akasoma akiwa begani pangu.
"Ana jina," akasema.
Pembeni ya namba nikaongeza S ndogo.
Mkuu wa maabara atauliza. Aulize.

Bibi yangu alinitemea mate kifuani
siku nilipokwenda Tengeru kusomea mifugo,
mate membamba, yenye harufu ya mbege,
akasema nenda, usikwame.
Nilipofika barabarani nilijifuta kwa leso.
Sikujua
(si ng'ombe, mimi mwenyewe)
kwamba nitakuja kula kwa mate.

Boksi la barafu, basi la saa mbili, Arusha.
Kule hakuna pembe, hakuna mabaka.
Kuna tone, na mashine inayolipasha moto na kulipoza,
kulipasha na kulipoza,
na mstari kwenye kioo.
Mstari ukilala, lala nawe.

Alhamisi simu ikaita nikiwa Rau, naziba pancha.
"U-17. Umepanda. Mate na maziwa, vyote viwili."
Kimya kidogo.
"Hiyo S ni nini?"

Nilipofika, Sikujua alikuwa bado anakula.
Ndiyo shida ya kazi hii: unaleta msiba
na marehemu anakutazama akicheua.
Si marehemu, nijisahihishe. Wengi hupona.
Lakini maziwa yasitoke, ng'ombe asitoke,
hata majani yasivuke mpaka,
mpaka nitakaposema.

Aikande hakulia. Alihesabu kwa vidole,
lita, siku, ada ya Ndeshi,
vidole vikaisha, akaanza upya.
Halafu akasimama ghafla.
"Toroli."
Toroli gani?
"La majani. Nilimwazima Oforo juzi. Ana ndama wawili."

Akakata isale mpakani, akalifunga fundo,
akavua viatu vya bandani,
akaenda peku hadi getini kwa Oforo, na hakuingia.
Alilinyoosha lile jani juu ya ua.
"Nilikupa toroli," akasema, "na huenda nikakupa zaidi."

Oforo akaliangalia jani muda mrefu.
Akalipokea.
Kisha akanigeukia mimi, nyuma kabisa,
buti zangu zinachuruzika dawa:
"Haya. Lete hiyo kamba yako."

Siku ya pili Sikujua alianza kupiga midomo, chap, chap,
na lengelenge likatoka, limechelewa kama shahidi aliyelewa.
Sisi tulikwisha kujua.

Wale ndama wa Oforo, mkubwa alitafuna vizuri.
Mdogo hakujua kutafuna. Aliikamata ncha ya kamba
akainyonya, macho kafumba,
akaipiga kichwa, kama inavyopigwa kiwele, ili ishushe.
Nikaishikilia tu.
Kichupa kikajaa taratibu.